Vijiti kwa Mkono wa Kushoto

Vumbi lilitangulia. Kabla mpira haujafika, kabla glavu haijalia, vumbi liliinuka penye mguu wa kijana, likasimama hewani kidogo kama linalotafuta neno, kisha likatua. Likainuka tena. Likatua tena. Alasiri nzima ya mwezi wa nne, katika uwanja wa shule uliojibanza chini ya mashamba ya machungwa ya mkoa wa Ehime, vumbi lilifungua kinywa na kukifumba, na halikusema kitu.

Nyuma ya wavu alikaa Sawatari, daftari gotini, kofia imemshukia mpaka kwenye nyusi. Miaka hamsini na sita ya umri, ishirini na mitatu ya kazi, na kazi yenyewe ni kusaka vipaji vya besiboli kwa niaba ya timu ya kulipwa. Aliyajua mavumbi ya shule mia. Alilijua jekundu linaloganda kwenye soksi, alilijua la kijivu linaloingia hata kwenye mkate, na alilijua lile jeusi la uwanja mkuu wa mashindano ya shule ya majira ya joto, ambalo kila kijana wa nchi ile huota kulikanyaga kabla hajaota ndevu.

Sheria ya kazi yake ilikuwa fupi: msaka vipaji hamsemeshi mwanafunzi. Utampa kocha kadi yako kwa mikono miwili, utainama, utakaa. Utatazama mpaka macho yaote sugu. Lakini neno, hapana. Neno moja likikuponyoka kabla kijana hajapeleka barua ya kuomba kucheza kwa kulipwa, shule itaadhibiwa, timu yako itaaibika, na kijana atafungiwa nje ya mlango alioupigia hodi tangu utotoni.

Basi miaka mitatu alimtazama Kuga Minato bila kumwambia habari za asubuhi. Aliijua hatua yake ya kushoto, ndefu, laini, kama ya mtu anayevuka mfereji. Aliujua mkono wake wa kulia, namna ulivyochelewa nyuma ya bega, ukachelewa, ukachelewa, kisha ukafika wote kwa pamoja. Sauti ya kijana aliisikia ikiwaita wengine. Yeye haikumwita kamwe.

Alichokiona, alikiandika. Hakusema, aliandika.

*

"Mzee Sawatari," alimchokoza mwenzake wa timu nyingine, huku akifuta kioo cha mashine ya kupimia kasi, "leo umekuja kumpima mtoto au kumpima baba?"

"Baba nilishampima," akajibu Sawatari. "Kipimo hiki hapa." Akainua kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, kilichopinda kama ndoano ya kuvulia.

Benchi zima likaangua kicheko. Wote walikijua kidole kile. Kilivunjwa na mpira wa Kuga Seiji, baba wa kijana, zamani walipokuwa wote wawili wanafunzi wa shule hii hii: Kuga akirusha, Sawatari akidaka.

Kuga Seiji, nani asiyemjua? Sanamu yake ya shaba imesimama mbele ya stesheni ya mji, mguu juu, mkono nyuma, na kunguru wanaupenda mkono ule kuliko tawi lolote. Na kila jioni, kabla ya taarifa ya habari, uso wake hutokea kwenye runinga ukitangaza plasta za maumivu ya viungo. Anaibandika begani, anacheka, anasema: "Maumivu? Mimi na yeye hatujuani!" Watoto wa mji ule wakianguka na baiskeli husema hivyo hivyo, magoti yanatoka damu, wanacheka.

Hatujuani. Sawatari alipolisikia neno lile alizima runinga.

Kwa sababu yeye alikuwapo walipojuana. Miaka thelathini na minane iliyopita, kwenye uwanja mkuu, kwenye udongo mweusi, awamu ya sita, Kuga alimwita akaziba mdomo kwa glavu na kumwambia, "Bega linawaka moto, Sawa. Usimwambie mtu." Na yeye akarudi, akachuchumaa, na toka hapo mpaka mwisho wa mchezo akashusha vidole viwili kati ya magoti yake. Vidole viwili, kwa ishara za mdakaji: mpira wa polepole, ule unaopinda, ule usiodai mkono wote. Kila mara viwili. Kuga aliitikia kwa kichwa, akarusha polepole, wakashindwa kwa pointi moja, na bega likapona kufikia majira ya baridi.

Watu wanakumbuka kwamba Kuga Seiji alivumilia. Hakuna anayekumbuka vidole viwili. Vidole viwili havijengewi sanamu.

*

Mapumziko ya mazoezi yalipofika, kina mama wa wachezaji walipita na sinia, kama ilivyo desturi, wakiwagawia wageni chai ya shayiri. Mama aliyemfikia Sawatari alikuwa Chizuru, mke wa Kuga, mama yake Minato: mwanamke mdogo wa umbo, aproni ya buluu, mikono iliyozoea kukamua vitambaa.

"Karibu chai, Bwana Sawatari. Ya baridi, ingawa joto lenyewe leo bado la kuazima."

"Asante, Mama Minato. Msijisumbue hivi."

"Hakuna usumbufu."

Alipaswa kusogea kwa mgeni wa pili. Hakusogea. Alifuta kwa taulo sinia lililokwisha kauka.

"Siku hizi," akasema, macho yake uwanjani, "mwanangu anashika vijiti vya chakula kwa mkono wa kushoto. Anasema anazoeza akili. Wali unadondoka, maharage yanakimbia mezani, sisi tunacheka." Yeye hakucheka. "Baba yake anacheka sana."

Sawatari alikitazama kikombe.

"Na kwenye pipa la taka nimekuta plasta zenye umbo la kiwiko. Zimeviringishwa ndani ya gazeti, zimefichwa chini ya maganda. Nyumbani kwetu haziruhusiwi, Bwana Sawatari. Zinauzwa kwa sura ya mume wangu, lakini mlangoni haziingii. Nilimwambia kocha. Kocha akamwambia mume wangu. Mume wangu akasema mama apunguze kudekeza." Akalikunja taulo, akalikunjua. "Wewe ulikuwa mdakaji. Mdakaji huona."

Kisha akainama, akaenda kwa mgeni wa pili. "Karibu chai."

Hakuomba kitu. Hivyo ndivyo alivyoomba. Aliliweka jambo juu ya sinia kando ya kikombe, akaacha mtu alichukue mwenyewe.

Ewe mama, ungejua ulichagua sikio la nani! Sikio lile lilikuwa limefungwa moja kwa moja na mkono, na mkono na kalamu, na kalamu na daftari. Miaka ishirini na mitatu kila kilichoingia humo kilitokea huko. Akavua kifuniko cha kalamu. Akaandika kwa herufi ndogo nadhifu, zile alizosifiwa na mabosi watatu:

Kiwiko cha kulia. Anakula kwa kushoto. Chanzo: mama.

Hakusema, aliandika.

*

Jioni ile ile alimpigia simu mkuu wake, Odagiri, akamweleza habari za kiwiko.

"Umelisikia kwa nani?"

"Kwa mama yake."

"Mtu mwingine anajua?"

"Kocha na baba. Hawataki kujua."

"Safi sana." Upande wa pili kiti kililia; Odagiri alikuwa ameegemea nyuma. "Basi funga mdomo, Sawatari. Timu kumi na moja zinamtaka kwa jina la baba yake. Acha zimtake. Kiwiko kikikatika kiangazi hiki watakimbia kama wameona nyoka, ataporomoka mpaka raundi ya mwisho ya kuchagua wachezaji, na huko chini sisi tutakuwa tumekaa na kikapu. Daktari wa viwiko tunaye. Mwaka mmoja, miwili, anarudi kama mpya."

"Mkuu, ni mtoto. Nikimnong'oneza kocha neno moja tu..."

"Neno gani? La nani? Unaijua sheria au nikusomee?"

Aliijua. Ndiyo maajabu ya sheria ile: iliwekwa kumkinga kijana na watu kama Odagiri, na Odagiri alikuwa ameikalia kama mto.

Sawatari akaenda kwa miguu mpaka stesheni. Namba ya Kuga ilikuwa kwenye simu yake. Kila mwaka mpya hutumiana kadi. Alisimama chini ya sanamu, kidole kilichopinda juu ya namba ile. Alijiambia: kesho. Alijiambia: atanicheka, ataniambia nawinda kipaji kwa mlango wa nyuma. Alijiambia: nina miaka minne nistaafu. Mtu anayetafuta sababu za kunyamaza hapungukiwi hata siku moja.

Kwa shaba, hata hivyo, alisema. Sheria haikatazi kusema na shaba.

"Mtoto wako anaumwa, Seiji," aliiambia sanamu. "Anaumwa vilevile ulivyoumwa wewe."

Kunguru akaruka mkononi. Treni ikaja, ikaondoka.

*

Kiangazi kikaja na timu ya Minato ikashinda, ikashinda, ikashinda, mpaka ikafika uwanja mkuu. Mji ukafunga maduka. Mabasi yakajaa kofia nyeupe, matarumbeta, bibi na babu na mapipa ya barafu. Kijana alishinda mchezo wa kwanza, akashinda wa pili. Magazeti yakaandika Damu ya Kuga kwa herufi kubwa kuliko za tetemeko la ardhi.

Siku ya mchezo wa tatu jua lilikaa juu ya uwanja kama kifuniko juu ya sufuria. Udongo mweusi ulimwagiwa maji saa tano. Saa sita ulikuwa umekwisha kauka, na vumbi likaanza.

Sawatari alikaa nyuma ya wavu, safu ya kwanza, mkabala na kijana. Juu kulia alikaa Kuga Seiji, miwani myeusi, mikono imekunjwa. Watu walimfuata na kofia zao awatilie saini, naye alitia bila kuangalia chini. Kushoto, kwenye jua, walikaa kina mama. Chizuru alikuwa na ndoo ya barafu kati ya miguu, na vidole vyake vilikuwa ndani ya ndoo, vimo humo tu, kama vya mtu anayeshika mkono wa mgonjwa.

"Mwone, mwone! Baba yake mtupu!" alipiga kelele bibi mmoja nyuma ya Sawatari, akipepea feni ya karatasi. "Hata mguu anavyouinua!"

"Mama wewe, huyo hata chafya anapiga kama baba yake," akajibu wa pembeni.

"Wee! Uliisikia wapi chafya ya Kuga?"

"Kwenye runinga!"

Wakacheka. Na mashine ya kupimia kasi ikawaka namba zake, na Sawatari akaziandika. Mia moja arobaini na tisa. Mia moja arobaini na nane. Awamu ya nne, mia moja arobaini na sita. Awamu ya sita, mia moja arobaini na moja. Kiwiko kilianza kushuka. Kati ya mpira na mpira kijana aliupeleka mkono nyuma ya kiuno, akaukamata kwa mwingine, kama anayemficha mtoto nyuma ya nguo.

Benchi la wasaka vipaji likaingiwa na ubaridi. Mmoja alifunika kalamu. Wa pili akafunika kalamu. Tak. Tak. Hakuna aliyesema, hawaruhusiwi kusema, lakini vifuniko vile vilisema vyote. Yule mchokozi akakunja mashine yake, akamnong'oneza Sawatari: "Mkono umekwisha huo, mzee. Masikini."

Simu mfukoni ikatetemeka. Odagiri: *Tayarisha kikapu.*

Awamu ya saba. Mipira mia moja na kumi na nane. Minato akapanda kile kilima kidogo cha mrushaji, akainama kumtazama mdakaji wake asome ishara, na nyuma ya mdakaji kulikuwa na wavu, na nyuma ya wavu kulikuwa na mtu mzima aliyeweka daftari chini kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na mitatu.

Sawatari akashusha mkono wa kushoto kati ya magoti yake. Akanyoosha vidole viwili. Kimoja kimenyooka, kimoja kimepinda.

Polepole, mwanangu. Mpira wa polepole. Usiutoe mkono wote. Au usirushe kabisa. Kaa chini, lia, mwite mama yako. Polepole.

Je, kijana aliona? Aliona. Macho yao yalikutana ndani ya tundu moja la wavu. Miaka mitatu, na haya ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya kwanza. Minato alivitazama vidole vile viwili, akakitazama kile kilichopinda, ambacho bila shaka alisimuliwa habari zake mezani tangu akiwa na meno ya utoto. Kisha akayainua macho juu kulia, kwenye miwani myeusi. Mikono ya miwani myeusi ilikuwa imekunjwa.

Kijana akatikisa kichwa.

Hivyo ndivyo mrushaji anavyoikataa ishara ya mdakaji. Hapana. Lete nyingine.

Sawatari hakuwa na nyingine. Nyingine ilikuwa mwezi wa nne, ilikuwa kikombe cha chai, ilikuwa namba ya simu chini ya sanamu. Angekuwa nayo wakati ule. Sasa alikuwa na vidole viwili tu, vilivyochelewa miezi minne.

Vumbi likainuka penye mguu. Mkono ukachelewa, ukachelewa, na safari hii haukufika. Mpira ulitoka upande, ukaanguka nusu ya njia, ukabingirika kwa aibu. Minato hakupiga kelele. Alibaki ameinama, mkono wa kulia ukining'inia kama shati kwenye kamba, na uwanja wa watu elfu arobaini ukautazama mkono ule.

Kisha, Mungu atusamehe, ukapiga makofi.

Wakasimama. Wakapiga makofi. Kuga Seiji ndiye aliyesimama wa kwanza. "Mwana wa baba yake!" alilia yule bibi wa feni, machozi yanamtiririka, machozi ya kweli, na hakukuwa na ubaya wowote moyoni mwake, na hilo ndilo lililokuwa baya.

*

Walishindwa. Walioshindwa hujipanga, huinama, kisha hupiga magoti mbele ya benchi lao na kuchota udongo wa uwanja ule, kila mmoja mfuko wake, wakaupeleke nyumbani uwe kumbukumbu. Wapiga picha hulala kifudifudi mbele yao kwa ajili ya picha hiyo. Udongo wa Kuga uko sebuleni ndani ya chupa ya kioo. Wa Sawatari mama yake aliutia kwenye chungu cha mbilingani, na mbilingani zikazaa vizuri tu.

Minato akapiga magoti. Akachota kwa mkono wa kushoto.

Ulidondoka. Alichota tena, ukapita katikati ya vidole visivyozoea, kama wali, kama maharage yanayokimbia mezani. Kamera zililia zote pamoja. Mle kwenye kamera ilikuwa picha nzuri mno. Juu kule baba yake alikuwa amezungukwa na waandishi, akisema, "Mimi pia nilirusha kwa maumivu, na sikumwambia mtu."

Alimwambia mtu. Mtu huyo alikuwa hatua ishirini kutoka pale, daftari limemlalia gotini kama sahani ya aliyeshiba.

*

Alimkuta Chizuru chini ya ngazi za kutokea, kwenye kivuli cha zege, kina mama wanakusanya ndoo. Wachezaji walikuwa wamekwisha pita kwenda kwenye basi. Mfuko wa udongo wa Minato ulikuwa naye. Kijana hakuweza kuufunga kwa mkono mmoja, mama yake ndiye aliyemfungia. Mikono ya mama ilikuwa myeusi mpaka kwenye vifundo.

Chizuru alimwona Sawatari. Akachukua kikombe, akainamisha chupa ya chai, akamimina. Mgeni ni mgeni.

"Karibu chai, Bwana Sawatari. Pole kwa kazi."

Sawatari akapokea kwa mikono miwili.

"Siku ile ya mwezi wa nne," akasema Chizuru, sauti imetulia kama meza iliyofutwa, "ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Nilijiambia labda upepo ulichukua."

"Upepo haukuchukua, Mama Minato."

Aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayepokea matokeo ya vipimo aliyokwisha yakisia. Hakumtukana. Afadhali angemtukana.

"Kesho asubuhi nampeleka hospitali ya mifupa," akasema. "Mimi mwenyewe. Sijamwomba mtu ruhusa." Hapo tu sauti yake ikapanda kidogo, na ndani yake kulikuwa na kitu kilichosimama wima. "Atapona arushe tena au hatarusha, sijui. Lakini atashika vijiti kwa mkono anaoutaka. Hilo nitalipata."

Simu ya Sawatari ikatetemeka tena mfukoni. Hakuitoa. Alikifungua kinywa, sasa, sheria au si sheria, alikifungua kwa ajili ya neno lile moja la mwezi wa nne, na hakulikuta. Liliandikwa. Limo daftarini, herufi ndogo nadhifu. Kinywani halikubaki.

Chizuru alisimama akingoja. Hakungoja neno, alingoja kikombe, maana hesabu ya vikombe lazima itimie kabla basi halijaondoka.

Kwenye chai palikuwa na vumbi. Lilitoka mikononi mwa Chizuru alipokuwa akimimina, jeusi, jembamba, likizunguka kidogo juu ya maji kama linalotafuta mahali pa kukaa, kisha likazama. Sawatari aliliona. Akanywa. Alikunywa yote, mpaka lile la chini kabisa, akarudisha kikombe kwa mikono miwili, akainama.

Na vumbi, lililokuwa limefungua kinywa na kukifumba tangu mwezi wa nne, likatua safari hii lisiinuke tena: chini ya ulimi wake, mahali ambapo neno lingekaa.